Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mbegu Zilizolala Kwenye Droo

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze chama kimefanya nini. Mwaka huu nitaanza na kile ambacho mimi mwenyewe sikukifanya, maana wengi wenu mnakijua tayari, na ni afadhali mkisikie kwangu kuliko mezani wakati wa chai.

Kwenye mkutano wa mwaka juzi nilipewa dhamana ya mbegu. Mlikusanya mbegu za krokasi zinazochanua vuli, yale maua madogo ya bustanini yanayoota kutoka kwenye tunguu, mkazileta kwenye bahasha safi zilizoandikwa jina na tarehe. Nilitakiwa kuzigawa kabla Agosti haijaisha. Niliziweka kwenye droo ya meza yangu, juu yake nikaweka karatasi, na karatasi zikaita karatasi nyingine. Bahasha ziliwafikia Januari. Mkapanda, mkangoja, majira ya kuchipua yakaja yakapita, vyungu vikabaki vitupu. Baadhi yenu mliniandikia kuuliza kama mbegu zilikuwa mbovu. Mbegu zilikuwa nzima kabisa. Mbovu alikuwa mgawaji.

Kwa faida ya wanachama wapya: tukisema vuli hapa hatusemi mvua za vuli, tunasema majira ya majani kupukutika, Septemba hadi Novemba kwa bustani za kaskazini mwa Ikweta. Mwenye bustani kusini asogeze miezi sita. Krokasi ni mmea wa nchi zenye kiangazi kikavu na baridi yenye unyevu. Mbegu yake huiva Mei au Juni, hulala kiangazi chote, na ikipata mvua za kwanza za vuli pamoja na usiku unaoanza kuwa wa baridi, ndipo inapoamka. Mzizi hutangulia, jani hufuata baridi ikiwa katikati au ikielekea kuisha. Ukiipanda Januari umeinyima saa yake. Haifi, inakaa udongoni kungoja vuli nyingine.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi uliopita nilipiga magoti mbele ya vyungu vyangu vya Januari ile, ambavyo nilikuwa nimeviacha nyuma ya nyumba kwa aibu zaidi kuliko kwa matumaini. Katikati ya changarawe palikuwa na jani moja, jembamba kama uzi wa kushonea, limesimama wima. Nilipolala kifudifudi nikaangalia kwa ubavu, nikaona mengine, mengi, kama nywele za mtoto zinazoanza kuota. Kwa hiyo mliovitunza vyungu vile, vinaota sasa hivi. Vimechelewa mwaka mzima, na mwaka huo mnanidai. Mliomwaga udongo wake bustanini kwa hasira, nendeni mkaangalie mlipoumwaga.

Msimu uliopita katibu alichukua ufunguo wa droo. Sikupinga. Bahasha zote zilikuwa mikononi mwenu kabla Julai haijaisha, na taarifa mlizoniletea kuanzia Desemba zinafanana: zilizopandwa Agosti zimeota baridi hii hii. Sijui kama kuna haja ya kulijadili tena suala hili. Kamati inapendekeza iwe kanuni kwamba mbegu hazivuki Agosti zikiwa ndani ya bahasha, na kwamba chungu kilichopandwa hakitupwi kabla ya baridi ya pili.

Naomba nikae kidogo kwenye upandaji wenyewe, maana maswali mengi ya mwaka huu yalikuwa hapo. Chungu kiwe kirefu kuliko unavyodhani kinahitajika. Mche mdogo wa krokasi una mizizi ya kujivuta: inanenepa, kisha inajikunja na kulishusha tunguu, lile bonge la akiba lililo chini ya udongo, mwaka hadi mwaka, mpaka lifike kina linachokitaka. Katika chungu kifupi linafika chini, linakwama kwenye tundu la maji. Mimi nachanganya mboji na changarawe ndogo nusu kwa nusu, napanda mbegu kina cha sentimita 1 hivi, juu namwaga changarawe ili konokono na kuvumwani wasipate starehe. Kisha chungu kinakaa nje. Msikiingize ndani kwenye joto kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo inayoiua krokasi. Miche haitenganishwi miaka miwili ya kwanza. Mwaka wa kwanza hutoa jani moja tu na tunguu lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, na mtu anayemwaga udongo kulitafuta atalipoteza. Wakati majani ni mabichi, maji yasikatike, na mbolea iwe yenye potasiamu nyingi na naitrojeni kidogo, iliyozimuliwa sana. Majani yakigeuka manjano, acha kumwagilia.

Lebo iandikwe kwa penseli. Kalamu ya wino inafutika kwa jua kabla ua halijaonekana, na ua halionekani kabla ya miaka mitatu, mara nyingine minne au mitano.

Hilo la miaka ndilo linalowakatisha wengi tamaa, nami silidharau. Lakini Oktoba iliyopita chungu kimoja cha chama kilichanua kwa mara ya kwanza, vuli ya tatu tangu kuota. Lebo ilisema Crocus speciosus, zambarau yenye mishipa myeusi-myeusi, chavulio (vile vichwa vyenye chavua) za manjano, na katikati ule uzi wa rangi ya chungwa uliochanika vipande vingi kama ncha ya kamba iliyofumuka. Maua mawili yalikuwa hivyo. La tatu lilifunguka na koo la manjano iliyokolea na chavulio nyeupe. Hapo nyuki alikuwa amepita kwanza kwa jirani: hizo ni dalili za Crocus pulchellus, wa Balkani na kaskazini-magharibi mwa Uturuki, na spishi hizi mbili zikipandwa karibu huoana bila kuomba ruhusa. Mweka hazina alitaka ua lile ling'olewe ili jina la chungu libaki safi. Mimi nimelihamishia kwenye chungu chake peke yake. Ni zuri kuliko wazazi wake wote wawili, na halipo kwa mtu mwingine yeyote. Tunguu la kununua haliwezi kukupa hilo, kwa sababu ni nakala ya tunguu lililotangulia. Ila mtu akileta mbegu za bustanini mahali penye spishi hizi mbili, aandike hivyo kwenye bahasha. Ni uungwana tu.

Sasa kukusanya. Wengi huniambia krokasi zao hazizai mbegu, na nikiwauliza wametafuta wapi, wananionyesha pale ua lilipokuwa. Pale hapana kitu. Kile tunachokiona kama shina la ua ni bomba la ua lenyewe. Ovari, yaani sehemu inayofanya mbegu, iko chini ya ardhi, karibu na tunguu, na inabaki huko baridi yote. Majani yanapoanza kulala mwishoni mwa majira ya kuchipua ndipo kikonyo kinapokisukuma kifuko cha mbegu hadi usawa wa udongo. Tenganisha majani kwa vidole, taratibu. Utakikuta kimejificha kwenye shina la majani, kirefu kidogo kuliko ukucha, rangi ya majani makavu. Kikianza kupasuka sehemu tatu na mbegu za kahawia-nyekundu zikaonekana, kichukue siku hiyo hiyo. Ukisema utarudi kesho, sisimizi hawasemi hivyo.

Vuli yenyewe ilikuwa ya mvua, na maua ya speciosus yalilala chini kwa mafungu. Hili si ugonjwa. Bomba lile refu jeupe halina ubavu wa kushindana na mvua ya upepo. Waliopanda kwenye majani mafupi ya bustani, au katikati ya mimea mitambaazi, walipata maua yaliyosimama kwa sababu yalikuwa na wa kuyaegemea. Kwenye majani, kata mara ya mwisho Agosti kabla pua za maua hazijatokeza, halafu weka mashine kando mpaka majani ya krokasi yafe yenyewe mwakani. Najua jirani atasema bustani imekuwa pori. Mwambie asubiri Oktoba.

Mvua hiyo ilileta shida nyingine: nyuki hawakutoka, na ua la krokasi halifunguki bila joto. Aliyetaka mbegu ilimbidi awe nyuki mwenyewe, na brashi ndogo ya rangi, ile saa moja jua lilipochungulia. Ulio tofauti ni Crocus tournefortii wa visiwa vya Ugiriki, ambao ukishafunguka haufungi tena hata usiku, nao ndio uliotupa mbegu nyingi kuliko tulivyotarajia.

Mliouliza mpande nini mahali penye kivuli na unyevu, jibu langu ni moja: Crocus banaticus, wa Romania na jirani zake. Petali zake tatu za ndani ni fupi sana kuliko za nje, kiasi kwamba watu huudhania ni ua jingine kabisa. Huu, pamoja na Crocus nudiflorus wa kusini-magharibi mwa Ufaransa na kaskazini mwa Uhispania, usiukaushe kiangazi kama wenzake. Kwa wenye mahali pakavu penye jua, Crocus goulimyi wa Peloponnese. Ulipewa jina la kisayansi mwaka 1955 tu, na kila nikiuona nashangaa namna mmea mrembo hivyo ulivyokaa Ugiriki muda wote huo bila jina. Crocus longiflorus wa Sicily una harufu nzuri. Crocus laevigatus unakuja wa mwisho, hata Desemba, mnapokuwa mmeshaweka majembe.

Niingie kwenye matunguu. Kuna mwanachama amependekeza madogo yanayozaliwa pembeni tuyaite vitunguu, na kisarufi hana kosa. Kamati imeona tuendelee na vijitunguu, kwa kuwa bahasha yenye neno "vitunguu" ikiachwa jikoni, mwisho wake unajulikana.

Kubadilishana matunguu kulifanyika Agosti, na Agosti ndiyo. Krokasi za vuli hazingoji. Kuna mmoja wetu aliyelitundika fuko lake la karatasi kwenye msumari wa stoo akakumbuka mwishoni mwa Septemba. Alipolifungua alikuta maua yamekwisha kuchanua humo humo gizani, meupe-meupe, yamejipinda kama vidole vinavyotafuta mlango. Alipanda hivyo hivyo, na yakatoa majani. Tunguu lina akiba ya kutosha ua moja bila udongo, lakini deni hilo hulipwa mwaka unaofuata. Ukilifukua Mei utaona hesabu yenyewe: tunguu la mwaka jana limekauka na kuwa kisahani chembamba, na juu yake limekaa jipya. Kila mwaka ni jipya. Kwa hiyo majani yakikatwa mapema, hakuna kilichobaki cha kujenga la mwakani.

Kina cha sentimita 8 hadi 10 kinatosha kwa nyingi, na nafasi kama hiyo kati ya moja na jingine. Kabla ya kulizika, liangalie ganda. Hapo ndipo spishi zinapojieleza hata bila ua. Ganda la speciosus lina pete chini, zinatoka moja moja kama vifuniko. La laevigatus ni gumu, laini kama ganda la yai, na linapasuka kwa chini kuwa meno. La mzafarani, mmea unaotoa zafarani, ni nyuzinyuzi laini zilizofumwa. Na tunguu la Crocus kotschyanus ni kilema wa kuzaliwa: limepindapinda, limelala upande, wala hujui juu ni wapi. Lizikeni lilivyo, litajua lenyewe.

Kuhusu huyo kotschyanus nina lalamiko. Tulinunua fuko zima kwa ajili ya bustani ya maonyesho kutoka kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja. Yameota majani mengi ajabu, yamezaa vijitunguu kama mchanga, na ua hatujaliona kwa vuli mbili. Aina hiyo ya kotschyanus, yenye majani na isiyo na maua, imezunguka madukani kwa muda mrefu kwa sababu ile ile inayoifanya isitufae: inazaana haraka, na mkulima wa biashara anahesabu matunguu, hahesabu maua. Mengine yana michirizi ya njano kwenye majani, jambo ambalo kwangu lina harufu ya virusi. Hayo tuliyang'oa tukayachoma, hatukuyatupa kwenye mboji. Virusi vya krokasi havina dawa, lakini kwa kawaida havipiti kwenye mbegu. Kwa hiyo tumepanda kotschyanus wa mbegu, na niulizeni tena baada ya miaka minne.

Mzafarani, Crocus sativus, ndio ulioleta barua nyingi kuliko mimea mingine yote pamoja. Wanaouliza mbegu zake waache kutafuta, hazipo. Una seti tatu za kromosomu, 24 kwa jumla, na mmea wa namna hiyo hauwezi kugawa hesabu yake sawasawa ili uzae. Tafiti za jenetiki zilizochapishwa 2019 zilionyesha kwamba ulitokana na Crocus cartwrightianus, wa mwituni Ugiriki, na kwamba ndugu zake wa karibu zaidi wako Attica. Tangu hapo umesafirishwa na mikono ya watu, tunguu kwa tunguu. Mnaolalamika haukuchanua, jibu langu huwa ni maswali mawili: mlizika kina gani, na kiangazi mliumwagilia? Unataka kina cha sentimita 10 hadi 15, jua kali, na kiangazi kikavu kabisa. Na mnaotaka kujitosheleza kwa zafarani, kilo moja iliyokauka inahitaji maua kama 150,000, kila ua likichumwa kwa mkono na kutolewa nyuzi tatu. Nilipata maua 11. Nilizikausha nyuzi zake 33 juu ya karatasi, nikapiga chafya.

Jambo la usalama, na hapa sitanii. Kwenye meza ya kubadilishana lilikuja fungu lenye lebo ya zafarani ambalo lilikuwa kolchikamu. Aliyelileta alikuwa na nia njema. Hata baadhi ya vitabu huuita mmea huo krokasi ya vuli. Hauna undugu na krokasi. Una kolchisini, sumu inayoweza kuua, kuanzia tunguu hadi ua. Hesabu stameni, yaani vijiti vyenye chavua ndani ya ua: krokasi ina tatu, kolchikamu ina sita. Majani ya kolchikamu ni mapana, ya krokasi ni membamba yenye mstari mweupe katikati. Kuanzia mwaka huu hakuna fungu litakalopokelewa mezani chini ya jina la zafarani bila mjumbe wa kamati kuliona likiwa na ua au jani.

Panya walitutesa kama kawaida, na kindi wakawasaidia. Wavu wa waya juu ya udongo ndiyo dawa pekee ninayoiamini. Pia zoeni maganda yaliyopukutika mnapopanda. Tunguu lililozikwa halionekani, lakini ganda lililoachwa juu linampa panya ramani.

Mengineyo ni machache. Akidi ya vikao vya kamati ilitimia mara zote isipokuwa moja. Hesabu atazisoma mweka hazina. Nafasi ya mgawaji wa mbegu iko wazi, nami sigombei.

Siku ya kukusanya mbegu itakuwa Juni, mara vifuko vitakapoanza kupasuka. Katibu atawaarifu siku tatu kabla. Njooni na mkasi mdogo, penseli, na kitu cha kupigia magoti. Bahasha ni za karatasi. Atakayeleta mbegu kwenye mfuko wa plastiki, zikatoka jasho na kuota ukungu, atazipokea tena mwenyewe pale pale mezani.